Kualika Sakitu

Nilikuja na maturubai arobaini, vipimajoto sita,
na barua yenye mhuri iliyosema mimi ni mtaalamu
wa kuokoa viazi na sakitu.
Kwetu Njombe sakitu ni mwizi:
hupita usiku wa Juni, kukicha shamba limeungua bila moto,
na mama husimama kwenye tuta, mikono kiunoni,
asimwambie mtu neno hadi chai ipoe.

Nikapanda basi, na basi, na lori la mbolea,
hadi Qalaqala, juu kabisa Bolivia,
ambako pumzi ni ya mkopo:
hatua kumi tu, unasimama kulipa riba.

Siku ya kwanza, mgeni. Ya pili, mgeni.
Ya tatu nikaamka gizani kungoja jembe
kama methali ilivyoniahidi.
Fortunata Choquehuanca akanipa mtoto nimbebe
na karai la maganda niwapelekee simbilisi.
Ya nne, maganda.
Ya tano, maganda.
Ya sita nikamwuliza mumewe, Nicanor,
kwa Kihispania changu cha kuungaunga:
Maturubai tutayatandaza lini? Usiku huu sakitu itashuka.
Akaangalia mbingu kama mtu asomaye saa.
"Ndiyo," akasema. "Tumeingoja wiki tatu."

Wakavimwaga viazi nje.
Magunia yote, juu ya nyasi kavu, uchi chini ya nyota,
wakavitenga kimoja kimoja visilaliane.
Nilihisi mikono ya mama ikipanda kiunoni mwangu.
Sikulala. Kipimajoto kilisoma hasi tisa.
Nikaandika hasi tisa, kisha nikakaa na kalamu,
sijui kama hiyo ni safu ya hasara au ya faida.

Asubuhi vilikuwa mawe.
Mchana jua likavilegeza, usiku mawe tena.
Baada ya usiku wa tatu Fortunata akaninyooshea kidole miguuni.
"Viatu."
Nikavua.

Basi jembe langu lilikuwa hilo: nyayo.
Tulikanyaga, yeye mbele, mkwewe Sabina ubavuni,
kisigino, vidole, zungusha,
maji ya barafu yakichuruzika kati ya vidole,
maganda yakivuka kama soksi za mtoto.
Walinicheka. Nilikanyaga kama anayeua nyoka.
"Unakitoa maji," Fortunata akasema, "hukitoi roho."

Kwa Kiaymara, kile kinachobaki wanakiita chunyu.
Nikasimama, mguu mmoja hewani.
Chunyu! Kwetu ni ile chumvi inayosalia ngozini
maji yakishakwenda zake.
Nikawaeleza, nikajilamba mkono kuwaonyesha.
Sabina akalamba wake, akafikiri, akaitikia kwa kichwa.
Na hivi vyenyewe, akauliza, kwenu mwaviitaje?
Viazi ulaya, nikasema.

Fortunata alicheka hadi kofia ikaanguka kwenye maji meusi.
Akamwita Nicanor aje asikie.
Akamwita jirani wa ng'ambo ya ukuta wa mawe.
Nilirudia mara tatu, nne, nikiwa nimeshika sketi yangu juu ya magoti,
ulaya, ulaya,
na hakuna aliyeniuliza tena kuhusu utaalamu.

Turubai moja limeezeka banda la simbilisi.
Mengine Nicanor angependa kuyauza mnadani Jumapili,
kama mradi hautajali.
Sijui kama mradi utajali.
Fomu ina mstari: viazi vilivyookolewa, kwa kilo.
Nimeuacha wazi.

Begini nina mfuko wa chunyu, nyeusi, nyepesi kama vizibo;
Fortunata anasema zitadumu hadi nizae na mwanangu aoe.
Nitazimwaga mezani kwa mama.
Atageuza moja, ataigonga kwa ukucha,
ataniuliza vimekufa na nini hivi.

Nitamwambia, sakitu.

Halafu nitangoja chai ipoe.